Ndege Kwenye Shimo la Ngalula

Alhamisi. Nimeamka saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Mvua ilikuwa imekatika, lakini bati lilikuwa bado linadondosha matone kwenye ndoo ya Ngalula, ile ya bluu yenye mshikio wa waya. Sijaiondoa pale. Yeye ndiye aliyeiweka.

Binti yetu Beya alinifungulia ukurasa huu kabla ya kurudi kazini kwake Likasi. Alisema, papa, kama huwezi kusema, andika. Nimeandika mara nne tangu tumzike mama yake, na mara zote nne nimeandika saa niliyoamka na hali ya hewa, kisha nikafunga. Leo nitajaribu kuandika na yaliyobaki.

Kuandika saa ni ugonjwa wangu wa zamani. Nilikuwa kontrolere kwenye treni ya kutoka Kolwezi kwenda Mutshatsha na mbele yake, mtu wa kupita kati ya viti, kutoboa tikiti na kuandika saa ya kila kituo. Nilipostaafu walibaki na kofia na koleo la kutobolea. Saa ya mkononi ilikuwa yangu, nikarudi nayo nyumbani.

Huko nyumbani hakukuwa na treni ya kuikagua. Kulikuwa na mke wangu.

Leo ni wiki mbili kamili tangu Ngalula atie muhogo wake majini. Ilikuwa Alhamisi kama leo. Alishuka na beseni kichwani, akarudi na beseni tupu. Jumamosi asubuhi alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua sombe, majani ya muhogo ya mboga, akasema kichwa ni kizito kidogo, nimletee maji. Nilipoleta maji alikuwa ameegemea ukuta. Hospitali walisema presha. Kabla ya adhuhuri nilikuwa mtu asiye na mke, na yale majani ya sombe yalikuwa bado kwenye ungo, nusu yamechambuliwa.

Watu walijaa kwenye kilio. Walilala kwenye mikeka uani, waliimba, walikula bukari, yaani ugali, wa unga wa mahindi ulioletwa kwa magunia na watu wa parokia. Dada yake alitoka Mutshatsha. Beya alitoka Likasi. Wote walifanya kila kitu kama kinavyofanywa. Tulizika Jumatatu, Jumatano wakakunja mikeka, Alhamisi nyumba ikawa tupu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka muhogo.

Ijumaa Mama Josefina alikuja na kusimama mlangoni. Ni jirani yetu wa shamba, mjane yeye mwenyewe, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto kutoka mbali. Siku hiyo alisema polepole. "Tata Ilunga, sikuye kukusumbua. Bibi yako aliacha muhogo ku mayi. Shi bote tunaiona. Hakuna mwenye kuigusa."

Nilimwambia wautoe tu, wagawane. Akatikisa kichwa. Nikakumbuka kwamba wanawake wa kwenye maji yetu wana sheria zao. Kila mmoja ana shimo alilochimba mwenyewe pembeni ya kijito na kulizungushia vijiti. Mwenye shimo akifa, muhogo wake hutolewa na mtu wa nyumba yake. Kwa kawaida ni binti au dada. Lakini binti alikuwa ameshapanda gari kurudi kazini, na dada alikuwa ameshafika Mutshatsha.

Nilibaki mimi.

Sehemu yenyewe iko nyuma ya mashamba, mwendo wa nusu saa kutoka nyumba za mwisho za mji. Ukitoka kwenye vumbi jekundu la barabara ambako malori ya madini hayapumziki, unapita mahindi, unapita miti iliyokatwa kwa ajili ya makaa, kisha ardhi inashuka na ghafla unaingia kwenye mushitu. Ndivyo tunavyouita ule msitu mnene unaoota kwenye chemchemi. Miti yake haipukutishi majani hata wakati wa ukame. Ndani yake kuna giza la kijani, na hewa ina ubaridi wa mtungi. Nimeishi karibu nao miaka mingi, na nilikuwa sijawahi kuingia. Ni mahali pa wanawake. Mwanamume anayepita anakohoa juu ya njia, anangoja aambiwe aendelee.

Jumamosi nilikohoa. Wakanyamaza wote, halafu nikasikia Mama Josefina akisema, "Apite, ni bwana ya Ngalula."

Mashimo yalikuwa saba. La Ngalula ni la mwisho, chini ya mti wenye mizizi inayosimama juu ya matope kama miguu ya kiti. Nilichungulia. Maji yalikuwa meupe kidogo, kama yaliyosafisha mchele. Gunia la muhogo lilikuwa chini, limekandamizwa kwa mawe matatu ya kijivu. Niliyajua yale mawe. Ni kokoto za njia ya reli. Kumbe ndiyo yale aliyokuwa akiniomba nimwokotee pale kituoni, mwaka ule mgongo wake ulipokuwa bado mzima, na mimi sikuuliza ni ya nini. Nilidhani anataka kuzuia mlango wa kuku.

Niliinama ili niyatoe. Mkono wangu ukafika juu ya maji, ukakataa.

Nitaandika ukweli kwa sababu Beya aliniomba niandike ukweli. Nilifikiri hivi: huu muhogo aliuchimba yeye, aliubeba yeye, aliufunga yeye, na anangoja kuutoa. Maadamu uko majini, kuna kazi moja ya Ngalula ambayo haijaisha.

Nikasema muhogo bado haujalainika. Nikakaa kwenye gogo.

Wanawake waliangaliana. Muhogo hulainika siku tatu, nne kukiwa na baridi. Wake ulikuwa na siku tisa. Lakini ilikuwa siku ya kwanza, wakaniacha.

Nilikaa kuwatazama wakifanya kazi. Huku kwetu hatumenyi kabla. Muhogo unaingia majini na ganda lake, na ukitolewa unamenywa palepale, ganda linateleza kama soksi. Mama Josefina alikuwa anamenya na kutupa maganda nyuma yake bila kuangalia, na kila mara aligeuza kwa mguu yale majani yaliyooza ili apate mahali pakavu pa kuweka beseni.

Ndipo nilipomwona ndege.

Sikumwona akija. Nilikuwa naangalia tawi tupu, lililo chini hivi, usawa wa goti, na mara tawi lilikuwa na ndege. Ni mdogo. Angeingia mzima kwenye kikombe cha chai na kifuniko kikafunga. Kifua chake kilikuwa na rangi ya chungwa lililoiva, kichwa cha kijivu, mgongo wa kahawia yenye ukijani kidogo, kama jani la mwaka jana. Miguu myembamba, mirefu kuliko inavyompasa. Jicho kubwa, jeusi, la mtu aliyezoea kuona gizani. Alisimama wima kabisa. Hakurukaruka kama ndege wengine. Aliangalia mikono ya Mama Josefina.

Halafu akadondoka chini, akaokota kitu kwenye maganda, akawa tena kwenye tawi. Ilikuwa kama hakuondoka.

"Njo huyu," alisema Mama Josefina bila kugeuka. "Njo Kontrolere."

Ndiye Kontrolere: nilidhani ananiita mimi.

Wale wanawake wengine waliinamisha vichwa. Kuna msichana anaitwa Odette, aliyeolewa mwaka huu, yeye alicheka kwenye kitenge chake. Nikauliza ni nani aliyempa jina hilo. Hawakutaka kusema, nami nilikuwa nimeshajua.

"Ni bibi yako," alisema Mama Josefina mwishowe. "Juu anasimama wima, hasemi kitu, anaangalia paka mikono ya batu." Yaani ni kwa sababu anaangalia mikono ya watu tu.

Nilicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Niliona fahari hata. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilitembea nikifikiri, mke wangu alikuwa na ndege, na alimpa jina la kazi yangu.

Jioni ndipo jina lilipoanza kunichoma.

Kwa sababu tangu nistaafu, kila aliporudi kutoka majini niliangalia saa. Sikumpiga kamwe, sikumtukana. Nilisema tu. Nilisema, leo dakika hamsini. Leo saa moja na robo. Sauti yangu ilikuwa ileile niliyoitumia kwa abiria asiye na tikiti, yenye adabu, isiyo na pa kutokea. Siku moja mwezi wa nane alichelewa sana, nikamwambia hata treni ya mizigo ingekuwa imefika. Alitua beseni. Alikuwa na jani bichi limenasa kwenye nywele juu ya sikio, na nakumbuka niliona lile jani, nikaona ni ushahidi kwamba alikuwa amekaa chini mahali fulani. Sikunyoosha mkono kulitoa.

Jani dogo tu. Ningelitoa kwa vidole viwili.

Na aliwahi kunialika. Hilo nalo niliandike. Aliniambia kuna ndege kule, anaimba polepole kabla jua halijapanda, kama mtu anayesali peke yake asiyetaka kuamsha wengine. Akasema, njoo siku moja umsikie, nitakohoa mimi kwa niaba yako. Nilikuwa natengeneza redio. Nilimjibu, ndege ni ndege.

Jumapili baada ya misa nilirudi kwenye mushitu. Jumatatu tena. Jumanne. Jana Jumatano. Kila siku nilikohoa, nilishuka, nilichungulia shimo, nilisema bado. Halafu nilikaa kwenye gogo mbele ya shimo la Ngalula na kumngoja ndege aje kwangu.

Nilitaka aje pale. Siwezi kueleza vizuri zaidi. Nilifikiri, kama alikuja kwenye shimo hili kwa ajili yake, akija mara moja tu kwa ajili yangu, basi nitakuwa nimesamehewa kitu. Nilikaa mikono juu ya magoti, bila kukohoa, bila kufukuza mbu. Nilikuwa nimesikia kwamba ukitaka mnyama akukaribie, usitikisike. Baba yangu aliwinda hivyo huko Kasai kabla hajaletwa kwenye migodi. Nilikuwa jiwe.

Ndege alikwenda kwa Odette. Alikwenda kwa Mama Josefina. Siku ile ya Jumatatu alikwenda hata kwa mbuzi aliyepotea na kuingia pale akakanyagakanyaga majani. Kwangu alipita hewani mara mbili, akaangalia, akaendelea.

Hata hivyo nilianza kumjua. Anakaa chini daima, sijamwona akipanda juu ya urefu wa bega. Mkia wake unashuka kidogo anapotaka kuruka, kama mtu anayekunja goti. Akiwa na wasiwasi anatoa sauti kavu ndogo, kama kucha kwenye kitana. Jumanne siafu walipita kwenye njia, mstari mpana kama mkanda, na wanawake wakapandisha vitenge na kuruka juu ya mizizi wakicheka. Yeye ndege alikuwa mbele ya siafu, anaokota kila mdudu aliyekimbia. Hakuwaogopa. Alijua hasa umbali wa kukaa.

Nilifikiri, Ngalula aliona yote haya. Alikuwa na elimu hii nzima kichwani, na usiku tulikuwa tunakula bukari na ndakala, vile visamaki vikavu, nikimsomea habari za bei ya simenti.

Wakati huo shimo lilianza kunuka. Si vibaya sana, harufu ya uchachu, lakini inayojulikana. Na mvua zimeanza. Kila mvua inabomoa ukingo kidogo. Kijito cha chini, kule wanawake wengi walikuwa wakiloweka zamani, hakifai tena, maji yake yanaacha rangi kwenye muhogo. Ndiyo maana mashimo saba haya yana foleni, na mtu akijaza lake huazima la mwenzake. Nilijua hilo. Niliona mabeseni ya Mama Josefina yamejaa muhogo uliochimbwa tangu Jumatatu, unaanza kuwa na michirizi ya bluu ndani, na aliyafunika kwa majani ya ndizi ili nisiyaone.

Odette hakufunika kitu. Jana aliniuliza, akiwa ameshika kiuno, "Tata, iyi muhogo yenu iko na mimba? Tungoje miezi kenda?"

Wote walicheka, nami pia. Mama Josefina alimrushia ganda. Lakini alipomaliza kucheka alinawa mikono, akaja akakaa kwenye gogo langu, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Alikaa upande wa pili, akiacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

Aliniambia habari za mume wake, ambaye nilimjua, alikuwa dereva wa mashine kwenye mgodi wa Musonoi. Alisema alipokufa aliacha shati moja kwenye kamba, limefuliwa, na yeye aliliacha linyeshewe na mvua nzima ya mwaka ule hadi likachanika lenyewe. Hakupata shati, wala hakupata bwana. Alisema hayo kama mtu anayesimulia njia ya sokoni.

Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba usiku kucha.

"Tata, uko unangoja ile ndege. Mi nakuona. Ile ndege haifuatake muntu mwenye kuikala. Inafuataka muntu mwenye kutumika. Ukigeuza majani, njo inakuya."

Kwa hiyo anafuata mwenye kufanya kazi, si mwenye kukaa. Nikamuuliza kitu nilichokuwa naogopa kuuliza tangu Jumamosi, kama jina lile Ngalula alilitoa kwa hasira.

Alifikiri. Sikupenda kwamba alifikiri. "Siku ingine hasira, siku ingine kicheko," alisema. "Siku moja alimuangalia sana, njo akasema: huyu Kontrolere wa huku ni kama wangu, paka huyu hana saa ku mukono."

Hakuniangalia aliponiambia. Aliinuka, akapangusa matope kwenye kitenge, akarudi kwenye shimo lake.

Paka huyu hana saa ku mukono. Ila tu huyu hana saa mkononi.

Jana usiku niliiandika sentensi hiyo hapa, nikaifuta. Leo naiacha.

Kwa hiyo asubuhi hii niliamka saa ile niliyoitaja hapo juu. Nilifunga mlango, nikachukua beseni la Ngalula, lile la aluminiamu lenye kovu upande mmoja. Sikulibeba kichwani, sijui kulibeba kichwani. Nililikumbatia tumboni. Mwanamume wa umri wangu na beseni, kwenye njia ya shamba, kabla jua halijatoka. Vijana wawili kwenye pikipiki walipunguza mwendo kunitazama, wakanisalimu kwa heshima, wakaenda.

Nilifika kabla ya wanawake. Nilikohoa hata hivyo.

Mushitu ulikuwa bado mweusi. Maji yalisikika tu. Nilisimama kwenye matope, na ndipo nilipomsikia. Ngalula alisema kweli. Haimbi kwa ajili ya mtu. Ni sauti ndogo, inapanda kidogo, inashuka, inasita kama mtu anayetafuta neno, halafu inasema lilelile. Ukipumua kwa nguvu huisikii. Nilishika pumzi hadi kifua kikauma. Nikasema kwa sauti, nimekuja, Ngalula. Ndege akanyamaza, nikajuta kusema.

Kulipopambazuka Mama Josefina alifika, na Odette nyuma yake. Waliona nimepandisha suruali, wakatua mabeseni yao.

Nilitoa kokoto ya kwanza. Ya pili. Ya tatu nilishindwa kuipata, ilikuwa imezama, nikapiga magoti ndani ya maji na kutafuta kwa mikono miwili hadi kiwiko. Maji yalikuwa baridi. Gunia lilikuwa zito, limevimba. Mdomo wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya mpira wa baiskeli, kwa lile fundo lake la kuzungusha mara tatu na kuchomeka ncha ndani. Odette alininyooshea kisu. Nilikataa. Nilifungua lile fundo kwa kucha. Lilichukua muda. Lilikuwa fundo zuri, lilikazwa na mtu aliyetarajia kulifungua mwenyewe.

Ndani muhogo ulikuwa umeisha. Sijui niseme vipi vingine. Ulikuwa bado na umbo lake, kila mmoja na ganda lake, lakini nilipoushika ulipita kati ya vidole kama uji. Wa kwanza ulinitoka wote ukaanguka majini. Nikabaki na ganda.

Nililia hapo. Si kwa sauti. Wanawake waliendelea na kazi zao, na nilisikia kwamba waliongeza kelele kidogo, makusudi, ili nisijisikie.

Halafu Mama Josefina alinionyesha. Unashika ganda chini, unaminya kuelekea juu, ule ute unaangukia kwenye beseni, nyuzi unazichambua. Alisema haujapotea wote. Utaoshwa mara tatu, utaminywa ndani ya gunia, utaanikwa. Utakuwa mchachu. "Lakini utakula," alisema.

Nikaanza. Nilikuwa mjinga wa kazi ile. Maganda niliyatupa nyuma kama nilivyoona wakifanya. Miguu yangu ilikuwa inateleza, kwa hiyo nilisukuma majani yaliyooza, nikatafuta mahali pagumu pa kukanyaga, nikasukuma tena. Mgongo ulianza kuniuma mahali palepale Ngalula alipokuwa akisema panamuuma, pale nilipokuwa nampaka mafuta jioni nikidhani nimeelewa. Mikono ilinuka. Nilikuwa nimeshika muhogo wa nane au wa tisa, na nilikuwa nafikiria tu jinsi ya kutoutupa.

Odette alisema polepole, kwa sauti tofauti kabisa na ya jana, "Tata, usigeuke haraka."

Aligusa hewa kwa kidevu. Niligeuza shingo kidogo.

Alikuwa kwenye kokoto ya reli. Nilikuwa nimeiweka nyuma yangu kwenye ukingo, na alisimama juu yake, wima, umbali wa mkono. Kifua cha chungwa kilikuwa na tone la maji. Jicho lile kubwa lilikuwa juu ya mikono yangu. Aliinama, akavuta buu jeupe kutoka chini ya jani nililoligeuza, akalipiga mara moja kwenye jiwe, akasimama tena. Hakumeza. Alikuwa na mengine mawili mdomoni tayari. Mahali fulani kwenye ule mushitu ana watoto.

Niliendelea kumenya. Nilielewa kwamba nikiacha ataondoka. Kwa hiyo niliendelea, nikimenya muhogo wa mke wangu ulioharibika, na yeye alikuwa anakuja na kwenda, anakuja na kwenda, na kila aliporudi alisimama kwanza na kuangalia mikono yangu, kama anayekagua kwamba kazi bado inafanyika. Hakunipenda. Hakunijua hata. Ndege huyu hakuwa na habari kwamba Ngalula amekufa, wala kwamba alimwita kwa jina langu. Alihitaji majani yageuzwe, basi.

Na bado nilifurahi. Sikudhani nitaliandika neno hilo mwezi huu.

Nilimaliza gunia lote. Ulipatikana ute wa nusu beseni, ambao sasa uko uani umeminywa ndani ya kitambaa chini ya zile kokoto tatu. Nilirudi nazo. Jua likiwaka kesho nitauanika kwenye bati, na Jumapili nitamwomba Mama Josefina anisongee bukari, kwa sababu yangu inakuwa na madonge. Beya amesema kwenye simu atakuja. Tutakula wote watatu, itakuwa chachu, na itakuwa ya mwisho kutoka mkononi mwake.

Nilisafisha shimo, nikarekebisha vijiti viwili vilivyoinama. Nikamwambia Mama Josefina atie wake leo, umengoja vya kutosha. Alitia mara moja, hakubembelezwa. Nilimuuliza kama baada yake ninaweza kuloweka mimi. Shamba la Ngalula lina mistari mitano haijachimbwa, na mimi nina mikono. Odette aliuliza kama na mimi nitavaa kitenge. Mama Josefina alisema shimo ni la nyumba ile, na nyumba ile iko na mtu. "Lakini utakohoa kila siku," akasema.

Nilikubali nitakohoa.

Nilirudi na beseni tumboni, matope hadi kwenye mapaja. Barabarani malori yalipita, vumbi lilikuwa bado limelala kwa sababu ya mvua. Nilipofika uani nilinyoosha mkono wa kushoto kutazama nimetumia dakika ngapi, kama ninavyofanya kila siku ya maisha yangu.

Mkono ulikuwa mtupu. Saa niliiacha kitandani, juu ya mto wake. Sikumbuki kuivua.

Kwa hiyo siwezi kuandika hapa nilirudi saa ngapi. Jua lilikuwa juu ya paa la jirani. Nilikuwa na ganda la muhogo kwenye nywele, juu ya sikio. Nilitambua baadaye, nilipokuwa nanawa, na kabla ya kulitoa nilisimama kidogo, kama kuna mtu atakayenyoosha mkono.

Kisha nikalitoa mwenyewe.